Ng'ombe Wangu Wangoje Karantini Iishe

Baba,

Tangu tukuzike hapa Magamba mvua zimenyesha na kukatika, na mimi nimechumbiwa. Anaitwa Shija, wa Inyonga. Ungemtania sana, maana anachunga huku macho yake yakiwa kwenye simu.

Mahari ilikuwa ije mwezi huu. Lakini homa ya mapafu ya ng'ombe imeingia kwao, na bwana mifugo ametangaza karantini: hakuna ng'ombe kutoka wala kuingia mpaka atakapoiondoa. Baba mdogo Masunga akacheka. "Hilo neno la ofisini. Wapitisheni porini, harusi haingoji karatasi." Wazee kikaoni wakaitikia.

Nikakumbuka ulivyoniambia mwaka ule ulipougua. "Marufuku ni mlango uliopigiliwa misumari. Karantini ni mlango uliorudishiwa tu. Ndani kuna mgonjwa, ngoja apone." Halafu ukaniambia na lile jingine, ukaniapisha nisilitoe: kwamba zamani, wakati wa karantini, ulipitisha mitamba watatu porini, na baada ya miezi miwili ng'ombe wa Mzee Elia, jirani yetu aliyehamia kutoka Katumba, wakafa wakikohoa. Walikuwa wawili tu, hakuwa na wengine. Ukaogopa kumwambia mpaka umauti ukakukuta.

Baba, nisamehe. Nimelitoa. Nimelisema mbele ya kikao kizima, na Mzee Elia mwenyewe alikuwa amekaa pale, tulimwalika kama jirani. Sikuona njia nyingine ya kumzuia baba mdogo. Nikalieleza lote mpaka mwisho.

Baba mdogo akainama. Mzee Elia akavua kofia, akaikung'uta vumbi, akaiweka mapajani.

"Mie nilidhani ndugu yangu ndiye kaniroga, ng'ombe wakafa," akasema. "Mpaka leo hatusalimiani." Kisha akasimama. "Nyie ngojeni karantini iishe. Mie kesho naenda kwake Katumba."

Nililia, Baba. Nilikuonea huruma, na nilikukasirikia pia. Lakini sijutii.

Shija amekubali kungoja. Nakuahidi: ng'ombe wangu watakuja mchana, kwa barabara, kibali kikiwa mkononi, na Mzee Elia ndiye atakayewafungulia zizi lako. Ameshakubali. Amesema atakuja na ndugu yake.

Pumzika sasa.

Binti yako,
Kabula