Sizoni Yenye Giza

Jumapili, 8 Juni

Vyombo vimeoshwa. Kuku wamefungiwa. Episodi mbili za sizoni leo kwenye televisheni, na nimechoka na giza lake.

Sielewi mji tajiri kama ule unakosaje taa. Stelingi wetu, shujaa mwenyewe, mchana ni karani wa bandarini, mpole, tai imepinda. Jua likizama anavaa barakoa ya chuma na kuvunja majambazi mikono. Sawa, awavunje. Lakini awavunjie mahali tunapoona! Leo wamepigana kwenye ngazi mpaka nikapiga miayo, na sijui nani kampiga nani. Nimesikia mifupa tu.

Udhaifu mwingine: hakuna anayekula. Hakuna anayesalimia. Mtu anaingia kwa mama yake mzazi na kuanza maswali, hata shikamoo hakuna. Zuhura, jirani yangu, anasema labda ndiyo sababu wanauana.

Baba Yoeli, mume wangu, naye kalalamikia giza. "Wanaficha nini hawa?" Tulicheka wote watatu. Hakuwa mtu wa televisheni. Zamani akirudi kutoka Ipole, kwenye mizinga yake ya nyuki, alikuwa analala na viatu. Mwaka huu anakaa nami mpaka mwisho. Nafurahi. Simwambii mtu, lakini nafurahi sana.

Jumanne, 10 Juni

Sare za shule zimenikalia shingoni, cherehani imekata uzi asubuhi nzima. Jioni, sizoni.

Leo niandike uzuri wake, nisionekane mchoyo. Adui mkuu anauza dawa bandia. Watoto wanakufa kwa sababu yake. Lakini jioni anakwenda kumlisha mama yake uji, kwa mkono wake, na kila kijiko anakipuliza kwanza. Aliyeandika hilo anajua watu. Namlaani muuaji yule na kumhurumia kwa pamoja, na sipendi kufanywa hivyo, na nataka nifanywe tena.

Uzuri wa pili: stelingi akishaumiza mtu halali. Anakaa kitandani anatazama mikono yake. Mkewe yuko pembeni, hajui lolote. Huyo mwanamke ananiudhi. Kitanda kimoja, na hajui!

Uzuri wa tatu, na ndio mkubwa, ni mtafsiri. Neema, binti yetu wa Mwanza, alituletea flashi ya sizoni iliyotafsiriwa, ile ambayo bwana mmoja anaongea juu ya sauti za wenyewe. Hanyamazi. "Huyo anaingia, ana kisu, mama yangu weee!" Zuhura anasema ni kelele. Baba Yoeli anampenda. Nilikwenda kuepua maharage, niliporudi akanisimulia yote niliyokosa, mpaka rangi ya gari. Anaifuata kuliko mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Sina raha. Niandike polepole.

Leo mama wa adui kafa. Mazishi yalikuwa mchana, kwenye theluji. Kwa mara ya kwanza sizoni ile imetoka gizani. Weupe ulijaa mpaka sebule yetu ikang'aa. Na mtafsiri, ajabu, kanyamaza. Nadhani na yeye aliguswa. Hakuna muziki, hakuna maneno. Adui kasimama katikati analia. Halafu pembeni kabisa ya kioo katokea mtu wa koti jekundu, anatembea taratibu, mkono mfukoni. Zuhura kapiga kelele. Mimi nimeng'ata khanga. Koti jekundu kwenye theluji, hata kuku angeliona.

Baba Yoeli alikuwa ametulia kimya. Risasi ilipolia ndipo aliporuka. Kauliza yule katoka wapi. Halafu kasema, "Hawa nao na giza lao. Wangewasha hata taa."

Zuhura kacheka, kadhani ni mzaha wake. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi Baba Yoeli alikuwa uani anachuja asali. Nilitoka kwa mlango wa jikoni bila viatu, nikasimama ubavuni kwake. Karibu kiasi cha kumgusa. Hakugeuka. Nikapunga mkono. Hakugeuka. Alikuwa anaimba wimbo wa kwaya, kwa sauti ya nne, ile nzito, na asali inashuka vizuri kwenye ndoo. Hakumwaga hata tone.

Nikarudi ndani nikalia kwenye kitambaa cha sare ya mtoto wa watu.

Kumbe beseni alilolipiga teke wiki ile. Kumbe mchungaji alimpa mkono na yeye akaupita, tukasema ana mawazo. Kumbe sizoni haoni, anasikia. Ile habari ya rangi ya gari kaambiwa na mtafsiri.

Na pikipiki anaendesha mpaka Ipole! Na mizinga iko juu ya miti!

Jumapili, 15 Juni

Kanisani kashika kitabu cha nyimbo kama kawaida. Hakukitazama. Anazijua zote.

Sijasema kitu. Namtazama tu mpaka kaniuliza kama kapaka uji usoni. Zuhura kaja jioni kwa ajili ya sizoni. Nimemwambia televisheni inasumbua. Uongo mtupu, siku ya Bwana.

Jumatatu, 16 Juni

Kasema Jumatano anakwenda kurina. Mizinga imejaa, mwenzake Kashindye kampigia simu, asali mwaka huu ni nzuri. Uso wake ulikuwa na furaha, ikaniuma.

Nikamwambia. Nilikusudia kwa upole, lakini mdomo wangu ninaujua mwenyewe. Nikamwambia haoni pembeni, atagonga mtu, ataanguka mtini, na mimi sitaki ujane. Kanisikiliza. Kasema giza ni la sizoni. Nikamjibu theluji haina giza. Kasema njia ya Ipole anaijua hata akifumba macho.

Nimechukua ufunguo wa pikipiki nikauficha kwenye droo ya cherehani. Hatujaongea tena. Kalala amenipa mgongo. Namchukia. Simchukii. Naogopa.

Jumatano, 18 Juni

Kaondoka. Nimeamka hayupo, pikipiki haipo. Kumbe kuna ufunguo wa pili.

Simu yake haipatikani. Nimepiga kwa Kashindye, kasema hajafika. Nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikafumua, nikashona hivyohivyo tena. Nikaacha. Zuhura kaja kakaa nami. Hakuuliza. Kachambua mchicha wangu wote, hata uliokwisha kuchambuliwa.

Kila pikipiki iliyopita barabarani ilikuwa yake na haikuwa yake.

Kabla ya mchana kuisha nikamwona. Anaisukuma. Kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kiwiko kinavuja damu. Ipole hakufika. Kapita mbele yangu, kaiegemeza pikipiki ukutani, kaingia chumbani. Nikamuosha kiwiko. Sikuuliza. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbeba.

Alhamisi, 19 Juni

Kasema leo, wakati wa chai.

Mwanamke alikuwa anavuka na ndoo ya maji kichwani. Baba Yoeli hakumwona kabisa. Aliona ndoo tu, ikidondoka mbele ya gurudumu. Kakata kona akaingia mtaroni. Yule mwanamke hakuumia. Ndiye aliyemsaidia mume wangu kuinuka, akamsalimia shikamoo, akamuuliza kama ameumia. Baba Yoeli kasema hiyo shikamoo ndiyo iliyommaliza. Ni umri wa Neema, kasema. "Ningemuua na angeniamkia."

Halafu yakatoka mengine yote. Macho yalianza zamani kidogo. Alifikiri ni uchovu, halafu akajua ni nini. Baba yake yalimpata hayohayo. Walimkalisha barazani na kumletea chakula, mtu asiyeruhusiwa hata kwenda kisimani, mpaka akafa akiwa hapohapo. Mume wangu alikuwa anajificha asikalishwe. Sizoni ilipokuja akashukuru. Wote tulikuwa tunalalamika hatuoni, kwa hiyo naye akalalamika pamoja nasi.

Nimemkaripia yule mke wa stelingi kwamba analala na mtu na hamjui. Namwomba radhi.

Jumatatu, 23 Juni

Hospitali mjini. Foleni ndefu, benchi gumu. Wamemtia dawa, wamempima, wamemkalisha mbele ya mashine, abonyeze akiona nukta ya mwanga. Nilikaa nyuma yake. Nukta zilikuwa zinawaka na kidole kimetulia. Nilitamani kumbonyezea.

Presha ya macho. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ndogo, hakuzunguka. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki ni cha katikati, na kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Pikipiki basi. Kupanda miti basi.

Baba Yoeli kauliza swali moja tu: kama atanyang'anywa nyuki. Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, nikamshika mkono mbele za watu, kitu ambacho hatufanyi.

Jumanne, 1 Julai

Matone asubuhi, matone jioni. Analalamika kama mtoto, kwamba namwagilia shingo. Kweli namwagilia. Mkono bado haujazoea.

Habari kubwa ni Ipole. Tutakwenda kwa basi. Kashindye atapanda na kushusha. Baba Yoeli atakaa chini na moshi na masega, kazi ya mikono na pua. Na lazima awe na mtu wa kutembea naye porini. Mtu huyo ni mimi.

Tatizo ni kambi. Tangu enzi za babu zao warina asali wa kule hawataki mwanamke afike kambini. Wanasema nyuki wanahama. Miaka yote hii ya ndoa sijauona mzinga wake hata mmoja. Jana kawapigia simu mwenyewe, kawaambia ukweli wote wa macho, neno kwa neno, huku mimi nasikia. Wakasema watashauriana. Leo wamejibu: mke aje, lakini alete kuku awe faini, nyuki wasije wakakasirika. Jogoo wangu mwenye kelele ndiye atakayelipa. Nimecheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Jumapili, 6 Julai

Tumetoka kanisani, tumekula, tumefungua mapazia. Zuhura kaenda kwa dada yake. Imebaki episodi ya mwisho, na haina tafsiri. Neema kasema yule bwana hajafika huko.

Basi nikatafsiri mimi. Kizungu changu ni cha darasani, lakini macho ninayo. Nilianza kwa haraka, nikilaumu huku nasimulia. Kaniambia, "Mama Yoeli, unaruka. Taratibu." Nikaenda taratibu. Nikamwambia nani kasimama wapi, mlango uko upande gani, nani anaogopa. Ni kazi ngumu. Sitamdharau mtafsiri tena.

Adui kakamatwa. Dawa bandia zilikokwenda hatukuambiwa, na huo ni udhaifu mkubwa, mtu hawezi kuua watoto halafu hesabu yake isahaulike. Lakini mwisho kabisa stelingi karudi kwake asubuhi. Kakaa kitandani, jua linaingia dirishani, kavua barakoa mbele ya mkewe.

"Mke anafanya nini?"

Nikasema anamtazama.

"Halafu?"

Anamtazama tu.

Halafu kaniambia nihamishe kigoda. Nikiwa ubavuni kwake, kasema, anapata sauti yangu peke yake. Nikakiweka mbele yake, nikaipa televisheni mgongo. Kanitazama kipande kipande. Paji la uso. Jicho, halafu jicho lingine. Mdomo, kovu la kidevu. Kila mahali alikaa kidogo kabla ya kuhama. Sikujua niweke wapi mikono.

"Umezeeka vizuri," kasema.

Nikamwambia aache upuuzi, dawa zimemlevya. Nikataka kuinuka nikazime televisheni. Kasema nikae hapohapo.

Nikakaa, mpaka msikiti wa kina Zuhura ulipoadhini alasiri.