Ukuta wa Upande wa Kitanda

Alhamisi, mwezi wa tatu

Imebanduka tena. Hii ni rangi ya tatu. Siku hizi rangi zimejaa madukani, si kama zamani tulipohangaikia hata chokaa, lakini ukuta huu wa upande wa kitanda haukubali yoyote.

Leo Mama Kleta alitaka kutundika msalaba hapo, maana Padre anakuja Jumamosi kubariki nyumba. Akagonga msumari, kipande cha ukuta kikamwangukia miguuni, udongo mtupu. Akacheka. "Baba Kleta, tofali gani hili? Hata kuku analichimba!" Kisha kikohozi kikamshika, hakikumwachia upesi.

Nikasema ni unyevu wa masika tu, utakauka.

Nimemdanganya. Kuni ziliniishia tanuru la matofali likiwa halijaiva, na mvua ilikuwa mlangoni. Matofali ya pembeni yalibaki mabichi, niliyaona. Nikayajenga upande huo, nikayafunika kwa plasta. Na nyumba yenyewe nilijenga kwa ajili ya kifua chake, asilale tena kwenye baridi ya ile ya zamani. Sasa kila asubuhi blanketi lake limeloa upande wa ukutani. Kuubomoa siwezi, paa lote limeuegemea.

Kwa Padre nitaungama, hilo Mungu atanisaidia. Lakini kwake mwenyewe, nitaanzaje...

Jioni amefagia ule udongo, akatundika msalaba ukuta wa pili. Akaniambia nisihangaike, nimemjengea vizuri.