Ramani ya Kihamba cha Elisifa

Chuoni, Morogoro
12 Oktoba 1997

Mama Elisifa mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini hujambo na kifua kimetulia. Mimi mzima, nimerudi masomoni salama.

Asante kwa miezi ile mitatu ya fildi niliyoishi kwako. Darasani tunafundishwa kuwa ardhi iliyochoka inataka mbolea ya viwandani. Kwako nimeona kwa macho yangu: migomba juu, kahawa chini yake, samadi ya ng'ombe wawili tu, na udongo mweusi unaoshikana mkononi. Ripoti yangu imezipita za wenzangu wote. Mwalimu aliisifu sana ramani ya shamba.

Nikimaliza chuo Desemba nitapita kwako kabla sijafika kwetu Chekereni.

Mwanao,
Evelyn

Kirua Vunjo
9 Januari 1998

Mwanangu Evelyn,

Hujambo? Desemba nilikungoja hukutokea, nikasema labda masomo yamerefuka. Huku tunaendelea, Mungu ni mwema, ila moyo wangu umechafuka.

Jumapili baada ya ibada alikuja shemeji yangu Gidioni, mdogo wa marehemu mume wangu, na wazee wawili wa ukoo. Akasema nusu ya shamba hili la kihamba, kuanzia mferejini kushuka, ni yake, mimi nilikuwa namtunzia. Nikamwambia, "Gidioni, kaka yako alinikabidhi na wewe umesimama pale." Akacheka, akatoa karatasi. "Chuo kimeshapima, shemeji. Soma mwenyewe."

Nilisoma. Ni mwandiko wako. Chini ya mfereji umeandika: "Shamba la Bw. Gidioni." Nami nilikutembeza mpaka mzima kwa miguu, nikakuonyesha masale yote ya mpakani niliyopanda na mume wangu!

Labda ni kosa tu. Wazee wanakaa Jumamosi, tarehe 28 Februari. Njoo useme ulichoonyeshwa. Hicho tu.

Mama yako,
Elisifa

Soweto, Moshi
20 Februari 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilipitia chuoni, nimeipata jana. Nimeshamaliza, na sasa nipo hapa Moshi, nimepata kazi kwenye mradi wa kilimo hai.

Pole sana kwa usumbufu. Ile ramani ilikuwa zoezi la mwanafunzi, haina nguvu yoyote. Waambie wazee hivyo, watakuelewa. Jumamosi hiyo tuna semina, sitaweza kutoka.

Mwanao,
Evelyn

Kirua Vunjo
8 Machi 1998

Evelyn,

Salamu.

Niliwaambia wazee kama ulivyoandika. Mzee Efraimu, aliyeongoza kikao, akauliza, "Huyo binti mwenyewe yuko wapi?" Nikasema yuko semina.

Gidioni akasimama mbele ya watu wote. "Semina gani? Huo mradi mwenyekiti wake ni mimi. Kazi nimempa mimi. Leo amepumzika nyumbani."

Nilitafuta pa kutazama nikakosa.

Nusu ya chini imekwenda. Wiki hii ameangusha miti ya kivuli na kung'oa kahawa yote, anataka kulima nyanya. Kila shoka likipiga nalisikia nikiwa jikoni.

Umelala nyumba moja nami. Homa iliponishika, wewe ndiye uliyenikanda maji usiku kucha. Sasa najiuliza yule alikuwa nani. Niambie kitu kimoja: ulijua?

Mama yako,
Elisifa

Soweto, Moshi
14 Septemba 1998

Mama,

Shikamoo. Miezi sita nimeshika kalamu na kuiweka.

Nilijua. Siku moja ulikwenda sokoni, Mzee Gidioni akanikuta mferejini napima. Akasema kuna mradi unakuja, unatafuta mtu aliyesoma, kisha akanitajia maneno ya kuandika kwenye ramani na kuomba nakala yake. Wenzangu waliotangulia wote wako mtaani hawana kazi. Nikajidanganya kuwa karatasi ya shule haiwezi kumdhuru mtu. Nisamehe, mama.

Kuna lingine, nalo naliandika kwa aibu. Wageni wa mradi kutoka Ulaya wamesoma ripoti yangu, wanataka kuliona shamba. Kwa Mzee Gidioni mvua za masika zimebeba udongo, nyanya zimeoza, hakuna cha kuonyesha. Anaomba tuwalete upande wako, tarehe 3 Oktoba. Wasipoona kitu, mradi utafungwa. Yeye atakuwepo, na mimi ndiye mkalimani.

Mwanao,
Evelyn

Kirua Vunjo
22 Septemba 1998

Evelyn,

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Walete. Nitawapa ndizi na maziwa, nitawaonyesha mboji, zizi na kahawa. Halafu nitawashusha mpaka mferejini wasimame, watazame upande wa pili. Watauliza kwa nini shamba limekatika hapo. Nitawaeleza yote, tangu siku nilipokupokea hadi barua yako hii, na Gidioni akiwa amesimama hapo hapo anasikia.

Nitasema polepole, maneno machache machache, upate nafasi ya kutafsiri.

Usiruke hata moja.

Elisifa