Mafiga ya Mama Mkwe

Kamwene, Neema mjukuu wangu. Huku Igowole tu wazima, baridi tu inatusumbua. Shangazi yako kajifungua dume, linalia mpaka kuku wanakimbia. Anayeniandikia ni binti wa jirani, nimemkataza kunilainishia maneno.

Umeuliza, hiyo nyumba kuukuu mliyonunua Mbeya mjini uanze kutengeneza nini. Mimi na babu yako tulinunua ya kwetu Iringa, miaka ya hamsini, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anarudi pwani. Mama mkwe wangu aliuza ng'ombe wake wote ili tuipate. Tukabadilisha mabati, tukapaka chokaa ndani kote, nikajiona malkia.

Siku ya kuhamia kwetu, mama alishuka kwenye lori na mafiga yake matatu kikapuni. Akauliza, "Moto wangu niuwashe wapi?"

"Humu moshi hapana, mama. Utaharibu chokaa. Kapikie uani."

"Uani tunapikia msiba, mwanangu. Nani amekufa?"

Nikacheka, mjinga mimi. Alikaa siku tatu kwenye kiti kama mgeni, kisha akabeba mawe yake akarudi kijijini. Tulimfuata mara nyingi, akakataa. Alikufa hajalala tena kwetu.

Mama mkwe wako naye kachangia hiyo nyumba, umeniambia mwenyewe. Basi kabla hujamwita fundi, mwite yeye. Achague chumba chake, na akitaka kukitia moshi, akitie.

Nakupenda, kichwa ngumu wewe.

Bibi yako