Sabuni za Chumvi Zinazotoa Jasho

Mama Casimir,

Sikuwa na mizani ya kupimia chumvi, sikuwa na mtu wa kunifundisha kutengeneza sabuni, na asubuhi hii sikuwa na subira.

Sabuni za chumvi hazikulowa kwa kosa la mkamwana wetu Ketsia. Nilimwambia mbele ya watoto kwamba anazimwagia maji. Akajibu, "Baba, mimi sijazigusa, isipokuwa ile moja niliyoweka jikoni," kisha akabeba mtoto, akaenda kwao Nundu.

Baadaye nikaangalia vizuri. Vipande nilivyofunika mimi kwa plastiki vyote vina matone. Kile cha Ketsia, kilichokaa wazi juu ya uchaga karibu na moto, ni kikavu. Chumvi inavuta unyevu wa hewa wakati huu wa mvua, na plastiki yangu iliufungia ndani.

Ondoeni plastiki yote. Mpanguse vipande kwa kitambaa kikavu, mvipange uchagani, visigusane.

~~Ketsia akiuliza, semeni nilikuwa na homa.~~ Nimekata mstari huo, ni uongo.

Naenda shamba. Barua ya kumwomba msamaha nimeiandika mwenyewe, nimeifunga kwa gundi, na mwenye moto, ile pikipiki ya kwenda Nundu, ameshaondoka nayo.

Baba Casimir