Kazi Yako Inaridhisha

Jumatatu, 3 Machi
Muuguzi wa kliniki ameniagiza kuandika kila siku mambo matatu ya kushukuru. Eti moyo utatulia, na nyumbani tutaelewana. Nilimjibu kwamba nimekagua shule miaka thelathini na mmoja. Naandika ripoti, siandiki shukrani. Akacheka. "Basi mzee, ziandike kama ripoti." Haya!
Maji ya kuoga: moto, saa kumi na mbili kamili. Shati: limepigwa pasi, kola imenyooka. Shuka: safi.

Jumatano, 5 Machi
Maji: moto. Dawa: mezani, zimepangwa kwa saa. Viatu: vimefungwa, havibani.
Sioni tofauti yoyote moyoni.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Muuguzi amelisoma daftari zima huku akilamba kidole kufunua kurasa. Kisha: "Mzee, maji haya hujichemsha yenyewe?" Akafunua ukurasa mwingine. "Na shati nalo lina miguu, hujipeleka kwenye pasi?" Benchi zima la wagonjwa likaangua kicheko.
Mke wa mwanangu alikuwa nyuma yangu, ameshika koti langu. Hakucheka.
Siku nne, mambo kumi na mawili, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake! Maji, shati, dawa, viatu — vyote ni mikono yake, tangu kiharusi kinilaze miaka mitatu iliyopita.

Jumamosi, 8 Machi
Tangu alfajiri nilikuwa naiandaa sentensi. Nikamkuta jikoni, mikono imejaa povu. Nikasimama wima mlangoni na kutamka:
"Mama, kazi yako inaridhisha. Endelea na juhudi."
Mungu wangu! Maneno hayo hayo niliwaandikia walimu ambao madarasani mwao sikuingia.
Akafuta mikono. "Asante, Mkaguzi."
Siku zote huniita Baba.
Jioni nimemsikia akiongea kwa simu na mwanangu, ambaye yuko kazini mji mwingine. Anasema dada yake mwenyewe amempatia kazi ya kushona. Mwisho wa mwezi anaondoka. Nitafutiwe mtu wa kulipwa. "Huyo akikaguliwa hataumia," alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumapili, 9 Machi
Nimejaribu kuorodhesha anayonifanyia. Nilipofika la thelathini na nne nikakwama: sijui yeye hupenda chai ya namna gani. Tunaishi chini ya dari moja!
Nimeichemsha mwenyewe, kwa mkono mmoja. Nusu imemwagika sakafuni. Akaingia, akaliona dimbwi, akashika tambara.
"Acha," nikasema. "Niambie kwanza — sukari vijiko vingapi?"
"Leo ndiyo unauliza?"
"Leo."
Ameshika mgongo wa kiti, hajakaa. Nimelivuta daftari ili nisimtazame usoni, na macho yake nayasikia kichwani pangu. Anasema niweke kalamu chini, hayo anayotaka kusema si ya kuandikwa. Machozi yananitoka, mzee mzima! Naiweka —