Mutumbwi Wako Hauingizi Maji Tena

Papa Furaha,

Nakuandikia nikiwa hapa kwetu Ntoto, mikono ingali inanuka kole, gundi ya kuzibia mitumbwi. Tangu homa ikuchukue, mutumbwi wako wa aluminiyumu ulikaa tu mu majani kando ya muto Lowa, umejaa maji ya mvua. Mudogo wako Bahati akaja, akasema: "Shemeji, ile kitu inavuja. Tuiuzishe kwa wale wanaoyeyusha vyuma watengeneze sufuria." Nikamwomba aniachie juma moja niutengeneze.

Kazi ile sikuijua. Mimi nilikuwa muntu wa kukumba maji na kopo, wewe ukitupa nyavu na kunichekesha: "Kumba, Mama Furaha! Lowa haina haraka, sisi njo tuko na haraka."

Nikauweka juu ya magogo, nikaujaza maji ndani, nikainama kuangalia wapi yanatona. Kila tone nikalitia alama ya makaa. Alama zote zilifuata pale bati mbili zinaposhikana, chini ya gudroni, ile lami uliyokuwa ukipaka kila mwaka.

Nilipoikwangua, nilikukasirikia. Riveti, ile misumari inayoshikanisha bati, zilicheza kama meno ya muzee. Ulijua, Papa Furaha. Ulijua, na ukanipakiza humo na mimba ya Furaha. Nilikaa chini nikalia. Nilipomaliza, nikarudi kwenye kazi.

Papa mwenye duka, yule wa Butembo, akanielezea: gudroni inafunika tu, kwanza ukaze riveti, kisha upake kole. Lakini kukaza kunataka watu wawili. Nikamwita Bahati.

Alilala chini ya mutumbwi, akakandamiza nyundo kubwa kwenye kichwa cha riveti. Mimi nilikuwa ndani, nikipiga upande wa pili. Hatukuonana, kati yetu kulikuwa bati tu. Kwenye riveti ya saba ao ya nane, nyundo yake ikaanza kutetemeka. Nikaacha kupiga. Alikuwa analia.

"Nilitaka iende," akasema kutoka kule chini, "juu ya vile kila nikipita hapa namuona ameketi ndani."

Nikamungojea.

"Piga, shemeji. Piga tu."

Tukapiga mpaka jua likaelekea kuzama. Kesho yake nikasugua na brosi ya chuma, nikaanika, nikapaka kole, tukaiacha siku mbili.

Jana asubuhi tuliushusha mutoni. Bahati alishika kasia. Nilipitisha kiganja kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, mara mbili. Pakavu. Samaki tuliopata walikuwa watatu, wadogo. Furaha alikula wawili.

Hasira imepungua. Sikudanganyi, kidogo imebaki, na yenyewe inanipa hamu ya kukuona.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi kila mwanzo wa mvua nitaukagua mutumbwi, riveti kwa riveti. Na Furaha hatapanda humo mpaka ajue kuogelea. Nitamufundisha mimi mwenyewe.

Muke wako,
Mama Furaha